Matangi mawili, mlango wa mbele au roli: mashine kuukuu ya kufulia ya kuanza nayo ukiwa Tanga

Jumamosi moja, jua halijafika utosini, mpwa wangu alinipigia simu kutoka Ngamiani. "Shikamoo mjomba." Marahaba yangu ilimezwa na nyundo iliyokuwa ikigonga bati nyuma yake. Alikuwa ndani ya banda la vitu kuukuu, amesimama mbele ya mashine mbili za kufulia: moja ya Kijapani ya matangi mawili, mwili wa bati lililopakwa rangi ya maziwa, na nyingine ya Kijerumani ya mlango wa mbele. Pesa yake ilitosha moja. "Mjomba, nichukue ipi? Muuzaji anasema zote zinafanya kazi."

Kwenye mabanda yale "inafanya kazi" maana yake taa inawaka. Nikamwambia asitoe hata mia, anunue kahawa akae, nakuja.

Njiani nikawa najipangia maneno ya kumwambia, na hayo ndiyo ninayoyaandika hapa kwa yeyote aliye mahali alipokuwa yeye. Nazungumzia mashine za kabla ya miaka ya 1990, zile za kitasa cha taima unachokizungusha kwa mkono kikalia krr-krr-krr. Zenye kadi ya elektroniki siziingizi humu. Kadi ikifa unaanza kuhangaika kutafuta kadi nyingine, na hapo burudani imekwisha, umebaki na ununuzi tu. Pia nazungumza na mtu anayefanya hivi kwa mapenzi yake: anayetaka kuifungua, kuisugua kutu, kuisikia ikiamka. Mwenye shida ya nguo safi tu akanunue mpya au amlipe dobi.

Watu wengi huchagua kwa jina lililoandikwa mbele. Mimi nina swali moja: ndani ya mashine hii, nini kitakufa kwanza, na ni nani kati ya Chumbageni na Makorora anayeweza kukitengeneza? Jina kubwa lisilo na fundi ni sanduku la bati.

Ukoo wao

Ya roli ndiyo babu. Tangi moja, kitu cha kuzisukasuka nguo ndani yake, na juu roli mbili za mpira za kukamulia. Aliyewahi kuingia kwenye korona ya mkonge, ile mashine ya kutoa nyuzi, ataielewa mara moja: kule jani linaingia bichi kati ya vyuma linatoka nyuzi, huku shati linaingia limelowa chapachapa linatoka bapa kama chapati. Hoover walianza kuunda ya kwao mwaka 1948 huko Merthyr Tydfil, Wales. Ni ndogo, ina pangaboi ubavuni mwa tangi, na roli unazizungusha kwa mkono. Marekani walikuwa na Maytag wa Newton, Iowa, waliotengeneza za roli hadi 1983. Hao waliwahi kuzitilia injini ndogo ya petroli kwa ajili ya mashamba yasiyo na umeme.

Ya matangi mawili ni mjukuu aliyehamia Asia. Sanyo ya Japani ilitoa mashine yake mwaka 1953, kwa yeni 28,500, ikiwa imefuata njia ileile ya Hoover ya kuzungusha maji kwa pangaboi la ubavuni. Matangi mawili yakafuata baadaye: moja la kufulia, lenye kisahani kinachozunguka, na jingine jembamba la kukausha kwa kasi. Kwa hiyo ukikutana na Hoover la roli na Mjapani wa matangi mawili, jua hao ni watu wa nyumba moja.

Ya mlango wa mbele ni ukoo mwingine. Ngoma imelala, inainua nguo na kuziangusha. Bendix wa Marekani walitoa ya nyumbani inayojiendesha mwaka 1937. Wajerumani wakapata Constructa mwaka 1951, mashine iliyotikisika kiasi kwamba ilibidi ifungwe kwa bolti sakafuni. Miele, wanaotajwa sana kwa mashine za aina hii, walianza mwaka 1899 kwa kuunda mashine za kutenga krimu kwenye maziwa. Sisi watu wa Tanga tunaojidai kwa maziwa yetu tunapaswa kuwapenda kwa hilo tu.

Kibati cha nyuma

Umeme wetu ni volti 230, hezi 50, yaani mizunguko 50 ya umeme kwa sekunde. Mashine ya Kijerumani ya enzi hizo imeandikwa 220, ya Kiingereza 240, zote hezi 50. Hapo huna ugomvi. Ya Kijapani iliyoundwa kwa soko la kwao imeandikwa volti 100. Kibati kipo nyuma, mara nyingi kimefunikwa na grisi iliyoshika vumbi. Kifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa ukisome kabla hujaulizia bei. Na kwa Mjapani soma na hezi pia. Nchi yao imegawanyika: upande wa Tokyo ni 50, upande wa Osaka ni 60, kwa sababu mwishoni mwa karne ya 19 Tokyo ilinunua jenereta za Kijerumani na Osaka za Kimarekani. Ukipata iliyoandikwa 50/60 au 50, chukua.

Mjapani wangu wa kwanza nilimchoma mwenyewe. Niliambiwa "ni ya umeme wa hapahapa, kaka," nami kwa uchu wa kuisikia ikizunguka nikachomeka barazani bila kufuta kibati. Mota ilinguruma kama ng'ombe aliyekabwa, harufu ya vanishi iliyoungua ikajaa ua mzima, na moshi ukatoka kwenye matundu ya nyuma kabla mkono wangu haujafika kwenye swichi. Sekunde tano, labda sita. Niliuziwa mbuzi kwenye gunia, lakini gunia nilikuwa nalo mkononi na sikulifungua.

Mota ile ndiyo iliyonifundisha kwa nini leo namsifu Mjapani. Niliipeleka kwa mzee mmoja anayesuka mota. Hakushangaa. Alikata waya zilizoungua upande mmoja, akazivuta upande wa pili, kisha akaketi akahesabu mizunguko ya kila koili, moja moja, huku akiandika kwa chaki kwenye mlango wa banda. Mlango ule una namba za miaka mingi. Ukiusoma utajua pampu zote za Sahare zilizowahi kuungua. Alipomaliza akaniuliza: "Hii ilikuwa ya mia. Nikusukie ya mia tena uende ukatafute transfoma, au nikusukie ya umeme wetu?"

Nikasema ya kwetu. Hesabu yake ni hii. Volti 230 ni mara 2.3 ya 100, basi mizunguko ya waya inaongezwa mara 2.3, na ili itoshee kwenye nafasi zilezile waya unakuwa mwembamba, eneo la mkato wake likigawanywa kwa 2.3. Kapasita, kile kikopo kinachoisaidia mota kuanza, nayo lazima ibadilike, na hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa kuwa yenyewe haipungui mara 2.3 bali mara 2.3 kwa 2.3, yaani zaidi kidogo ya mara tano. Ile yangu ilikuwa na kapasita ya maikrofaradi 40. Hesabu inatoa 7.6, tukafunga ya 8 yenye kuhimili volti 450. Kapasita kama hiyo unaipata kwa wauza vifaa vya pampu na feni. Mashine ile inafua hadi leo bila transfoma, na mtu akiniuliza kama ni ya asili namwambia mwili ni wa Japani, moyo ni wa Tanga.

Usipotaka kusuka, transfoma ya kushusha hadi 100 inatosha. Chukua yenye nguvu mara mbili au tatu ya wati zilizoandikwa kwenye kibati, maana mota inapoanza hunywa zaidi.

Mmarekani wa mlango wa juu nitamtaja nipite. Yeye ni volti 120, hezi 60. Transfoma hushusha volti, hezi haiigusi. Mota iliyozunguka mara 1,725 kwa dakika kwao itazunguka kama 1,440 kwako, na itapata joto zaidi ukiilisha 120 kamili. Ilishe 100 ndipo itulie. Taima yenye mota yake nayo itachelewa: dakika 10 zitakuwa 12. Ni mashine nzuri kuzitazama, nzito, zenye mhimili mnene katikati unaokwenda mbele na nyuma. Lakini kwa mtu wa kwanza ni kujitafutia kesi. Mimi huziacha zipite.

Maji yako yako wapi?

Hapa mlango wa mbele huanza kudai. Ukishauwasha, wenyewe ndio unaofungua maji kwa vali ya umeme, na vali ile inahitaji msukumo ndipo ifunguke na kufunga vizuri. Kanuni ya kichwani: kila mita 10 za urefu kutoka usawa wa maji hadi kwenye mashine ni baa 1. Simtanki lililowekwa juu ya mnara wa mita tatu linakupa baa 0.3, na hapo ndipo vali nyingi zinapoanza kukubali. Tanki lililokaa juu ya paa la choo, mita mbili, litakupa vali inayolia zzzz na mchirizi wa maji kama wa birika la udhu. Utakaa hapo, taima imesimama inasubiri, umeme wa luku unahesabu.

Ya matangi mawili haina habari na msukumo. Ndoo, kata, mpira wa bustani, chochote. Maji ya suuza ya kwanza unaweza kuyarudisha yakafulia nguo za rangi, jambo ambalo mama zetu walilifanya kwenye beseni bila kufundishwa na Mjapani yeyote. Ya roli hali kadhalika.

Kwa umeme tofauti ni kubwa. Mjapani mwenye mota ya wati 350 akifua nusu saa anakula chini ya robo ya uniti. Mjerumani ana hita, na hita ya wati 2,000 ikiwaka dakika 45 ni uniti moja na nusu kabla hujahesabu mota. Mimi hita naikata waya na kufua kwa maji ya kawaida. Ya Tanga hayana baridi ya kumtisha mtu. Mwenye kisima karibu na bahari ana sababu nyingine ya kuikata: maji magumu yakichemshwa huacha gaga jeupe juu ya hita, na gaga likinenepa hita inajipasua yenyewe.

Kinachokufa kwanza

Kwa matangi mawili, kwanza ni kapasita. Dalili yake: mota inanguruma, haizunguki, na ukiizungusha kwa mkono inaendelea yenyewe. Kapasita hubaki na umeme hata plagi ikiwa imechomolewa, kwa hiyo gusisha miguu yake miwili kwa waya za balbu kwanza, umeme uishie kwenye balbu. Na zile za zamani za kopo la bati, za kabla ya miaka ya 1980, usizitoboe wala usizichome. Mengi ya mafuta ya ndani yalikuwa na PCB, ambayo ni sumu.

Cha pili ni breki ya tangi la kukausha. Kuna waya, kama ule wa breki ya baiskeli, unaotoka kwenye kifuniko hadi kwenye mkanda unaobana mhimili wa mota. Ukinyanyua kifuniko tangi linapaswa kusimama ndani ya sekunde chache. Lisiposimama, hapo ndipo uanze kazi yako, kabla ya rangi, kabla ya chochote, maana lile tangi linazunguka zaidi ya mara 1,000 kwa dakika na kitambaa chochote kitakachonasa kitauvuta mkono wako. Waya wa breki ya baiskeli wenyewe unaingia kabisa. Tatu, mpira wa mikunjo chini ya tangi la kukausha, na sili, yaani mpira wa kuzuia maji, chini ya kisahani. Taima ni ya springi, kama saa ya ukutani. Mara nyingi ina vumbi tu.

Ukijumlisha yote hayo, ni wikiendi mbili. Bisibisi mbili, spana namba 10, koleo, msasa, mita ya kupimia umeme. Utaona matokeo kabla mapenzi hayajapoa, na kwa mtu anayeanza hilo ni kubwa kuliko jina.

Mlango wa mbele ni habari nyingine. Hapa kinachokufa kwanza ni beringi za ngoma, nazo hufa kwa sababu sili mbele yake imekufa kwanza kimyakimya. Ukizungusha ngoma kwa mkono utasikia sauti ya mchanga. Ikiwa imefikia kulia kama lori linalopanda Lushoto, basi maji ya sabuni yameshapita muda mrefu.

Kazi yenyewe: ilaze mashine kifudifudi juu ya godoro bovu, na watu wawili wa kuishika, kwa kuwa ina uzito wa kilo 80 na ushee, sehemu kubwa ni chuma au zege lililofungwa makusudi kuizuia isitembee. Tanga waja leo waondoka leo, lakini mashine kama ile ikishaingia uani haiondoki. Fungua bati la nyuma. Toa mkanda, toa gurudumu lake, na hapo bolti ya katikati itakusumbua. Ipake mafuta jioni, urudi asubuhi. Beringi ni mbili, kubwa mbele na ndogo nyuma, zinagongwa kutoka kwa kipande cha bomba na nyundo, taratibu, huku ukizunguka ukingo mzima.

Sasa ushike beringi uitazame ubavuni. Kuna namba nne zimechongwa. Tuseme 6205. Tarakimu mbili za mwisho zizidishe kwa 5, umepata tundu: milimita 25. Upana wa nje wa hiyo ni 52, unene 15. 6204 ni 20 kwa 47 kwa 14. 6206 ni 30 kwa 62 kwa 16. Namba hizi hazijali kama ni Mjerumani, Mchina au Mhindi, wala kama beringi ilitoka kwenye mashine ya kufulia, pikipiki au dainamo ya lori. Ukiwa na namba huna haja hata ya kumwambia muuzaji spea ni ya nini. Nilipowahi kumwambia mmoja "naomba beringi ya mashine ya kufulia" alinijibu hana. Nilipomtajia namba alinyoosha mkono kwenye rafu ya nyuma yake.

Sili ndiyo huchelewesha. Vipimo vyake pia vimeandikwa, vitatu, tundu kwa upana kwa unene, na sili ya mafuta ya gari yenye vipimo hivyo hufaa. Ila itazame ndani: ina kispringi chembamba kinachoubana mdomo wa mpira, na kikiwa cha chuma cha kawaida kitaoza kwa maji. Mimi nakijaza grisi isiyoyeyuka kwa maji kabla ya kuifunga. Mwisho, nyuma ya ngoma kuna msalaba wa mikono mitatu unaoishika ngoma kwenye mhimili. Ukiwa wa aluminiamu, uchokoe kwa bisibisi. Ukimomonyoka kama biskuti iliyolowa, funga kila kitu, rudisha mashine kwenye banda. Tena utazame kwa tochi kabla hujanunua, kadiri unavyoonekana.

Mpira wa mlango ukiwa umechanika kidogo, kiraka cha pancha na gundi yake vinashika. Nisingeamini kama nisingefanya mwenyewe.

Kuna jambo moja la Mjerumani wa zamani linaloweza kuua mtu, nami nimeliweka peke yake ulione. Kabla ya katikati ya miaka ya 1960 Wajerumani walitumia waya mwekundu kama waya wa ethi. Mwingereza wa enzi hiyohiyo alitumia mwekundu kama waya wa moto. Fundi wetu, aliyekulia kwenye desturi ya Kiingereza, akikuta mwekundu ataupeleka kwenye moto, na mwili mzima wa mashine utakuwa na umeme, sakafu imelowa, mtu yuko pekupeku. Usiamini rangi. Pima kwa mita, mwili wa bati na kila waya, kabla ya plagi yoyote.

Ya roli, kwa anayependa chuma

Nina moja, Hoover ndogo, niliyoipata kwenye nyumba ya zamani ya shamba la mkonge upande wa Muheza, ilikuwa imegeuzwa pipa la kuwekea mahindi ya kuku. Katika zote tatu ndiyo niipendayo, na ndiyo nisiyompa mtu ushauri wa kuanza nayo.

Uzuri wake ni kwamba hakuna kilichofichwa. Mota, mkanda, pangaboi, basi. Kinachokufa ni mpira wa roli: umekauka, umepasuka, umechukua umbo la kuliwa katikati. Roli mpya huzipati. Nilitoa mpira wote hadi chuma, nikampelekea fundi wa kukereza akanyoosha mhimili, kisha nikavalisha tabaka za tyubu ya lori zilizogundishwa moja juu ya nyingine, na yeye akazikereza tena hadi zikawa duara. Nadhani mji huu una watu wa kukereza wa kiwango kile kwa sababu umeishi na reli tangu Wajerumani waanze kuijenga mwaka 1893, na mkonge juu yake. Mashine za watu zilipokatika vyuma shambani, hapakuwa na wa kumsubiri.

Ubaya wake ni roli hizohizo. Mkono wa kanzu yangu uliwahi kuingia kati, nikiwa nazungusha mwenyewe, na ilinichukua muda kuelewa kwamba dawa ni kurudisha nyuma. Ile ilikuwa ya mkono. Za mota zina kipini cha kuachisha roli, na ukiikuta ya mota yenye kipini kilichoshika kutu, hicho ndicho cha kutengeneza kwanza. Nyumba yenye watoto wadogo, iache.

Ziulize nguo

Zote tatu nimezipitishia nguo zilezile. Kanga na vitenge: Mjapani anazifua vizuri na haraka, lakini hana huruma na nguo ndefu. Mabaibui matatu ndani ya tangi lake yatatoka yamesokotana kama kamba ya nanga, na utatumia dakika kumi kuyafumbua. Weka moja moja. Mjerumani anayainua na kuyaangusha, yanatoka kama yalivyoingia. Kanzu nyeupe ya Idi hapo hana mpinzani. Roli huvunja vifungo, hasa vile vya maganda. Kunja shati vifungo viwe ndani. Jinzi na ovaroli za gereji, roli huzikamua hadi ukashangaa. Kofia ya vito usiipe mashine yoyote kati ya hizi, na aliyekushonea asijue hata kama uliwaza.

Na wote wana adui mmoja, upepo wa bahari. Mwili wa bati hapa huoza kuanzia pembe za chini, pale maji yanapokaa. Ukiwa Raskazone ni mapema, ukiwa Mikanjuni utapata nafasi kidogo. Piga msasa ukiwa na maji, vumbi la rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, usilivute, kisha rangi ya kuzuia kutu mara mbili na miguu ya mpira. Majapani ya plastiki ya miaka ya 1980 hayaozi, yanageuka rangi ya ndizi mbivu tu na kuwa mepesi kupasuka.

Basi nilipofika Ngamiani nilikuwa na jibu moja. Mpwa anaishi Chumbageni nyumba ya kupanga, tanki liko juu ya choo, anatoka kazini saa kumi na moja, hajawahi kufungua mota. Nikamwambia: mwanangu, chukua Mjapani. Utamaliza mwezi huu. Mjerumani atakuja mwakani, ukishakuwa na mnara na uvumilivu. Nikainama nikamwonyesha na msalaba wa yule Mjerumani kwa tochi. Ulikuwa mzima, kwa bahati mbaya.

Sikio la kufa halisikii dawa. Jioni niliambiwa toyo limeonekana likipita barabara ya Pangani likiwa na mlango wa mbele mgongoni na mpwa wangu amekaa juu yake.

Maji alitatua kwa namna ambayo sikuwa nimemfundisha: anamimina ndoo kwenye droo ya sabuni, polepole, mpaka swichi ya kina cha maji inalia tak na ngoma inaanza kuzunguka. Ndoo mbili na nusu. Anasema mke wake amezoea, anaacha ndoo mlangoni kabisa.

Juzi alipiga simu usiku. Hakusalimu. "Mjomba sikiliza," akaisogeza simu, nikasikia lori linapanda Lushoto.

"Izime. Ukishafungua nyuma nipigie."

Jana usiku akapiga tena.

"Nimefungua. Beringi ya nyuma ninayo mkononi."

"Isugue ubavuni kwa kidole. Soma."

Kimya kidogo, kisha: "Sita. Mbili. Sifuri. Tano."